Miiba Katika Mkono wa Nosim

Themi, 4 Machi 1912

Kwa kaka yangu Kaanaeli, mwalimu, Akeri.

Kaka, shikamoo. Habari za nyumbani utazipata siku nyingine. Jirani yetu Saruni amesimama mlangoni na fimbo yake, anasubiri nimalize, na nataka akukute kabla hujafunga shule.

Mwanangu Nosim ameng'atwa na mbwa asubuhi hii. Ni Narok wetu, yule jike mweusi uliyetupatia wewe alinde mbuzi. Ana watoto watano chini ya ghala, na Nosim aliingiza mkono humo. Amemng'ata mara moja akamwachia. Meno yamepita mkono wa kulia, kwenye shina la kidole gumba: matundu mawili upande wa kiganja, mawili upande wa nyuma. Ni madogo, ungeyaona ungesema ni sindano ya magunia. Damu ilitoka kidogo ikakatika yenyewe. Mtoto alilia, akanyamaza, sasa anakula ndizi kwa mkono wa kushoto.

Ningekuwa peke yangu nisingekusumbua. Lakini mume wangu Lomayani ametuma mtu Sokon kumwita baba yake, mzee Sironka, aje amshone kesho alfajiri. Unajua baba mkwe ni fundi wa kushona majeraha kwa miiba ya mgunga na uzi wa kano ya ng'ombe, na wapo wanaume wengi hapa wanaotembea kwa sababu yake. Niliuliza kama matundu madogo namna hii yanahitaji kushonwa. Lomayani akasema mjukuu wa Sironka hawezi kukaa na ngozi wazi wakati Sironka yuko hai. Pia anataka kumwua mbwa.

Wewe umeosha vidonda miaka mingi katika chumba cha dawa cha misheni. Niambie la kufanya, nami nitalifanya kabla ya alfajiri. Andika wazi, maana barua itasomwa mbele ya watu, kama kila barua inayoingia hapa. Ukoo huu haupendi karatasi inayonong'ona na mwanamke peke yake.

Mdogo wako,
Tabea


Akeri, 4 Machi 1912, mchana

Dada,

Barua yako imenikuta darasani. Nimewaacha watoto waimbe wenyewe ili nikujibu, kwa hiyo asiseme mtu kwamba nilichelewa.

Kwanza nauliza: ni mama gani anayemwacha mtoto aingize mkono kwa mbwa aliyezaa? Hata kuku hupigania vifaranga vyake. Mbwa huyo ana akili kuliko watu wanaotaka kumwua.

Tangu ulipoolewa nimenyamaza, na kila nikinyamaza watu hao huuchukua ukimya wangu kuwa ndiyo. Leo sinyamazi. Nakumbuka siku ya harusi yako. Nilifika na heshima zangu zote, kaka wa bibi harusi, na mumeo akaniambia nikakae na akina mama. Nikaapa sitavuka mlango wake mpaka aniombe radhi. Mpaka leo sijasikia kitu, na sishangai, kwa sababu Waarusha wanajua mambo mawili, ng'ombe na majivuno, na ng'ombe wengi walikwisha kwa sotoka. Yamebaki majivuno, hayo ndiyo wanayoyakamua asubuhi na jioni. Huyo mzee Sironka unayemwita fundi ni mshona viatu aliyekosa ngozi, akaamua kutumia ya watu. Sasa amefika kwenye ngozi ya mjukuu wake.

Wadachi waliponyonga watu wetu na kuwabebesha wengine mawe ya boma lao, walisema sisi hatujui kitu. Nimewapinga kwa mdomo na kwa kalamu, na kalamu hiyo imenigharimu. Halafu nageuka nyuma nakuta ndugu zangu wenyewe wanafanya bidii kuwapa Wadachi ushahidi. Hilo linaniudhi kuliko Wadachi. Mtu akikudharau bila sababu unaweza kumjibu. Utamjibu nini ikiwa shemeji yako anataka mtoto ashonwe kwa miiba kwa sababu ya meno manne ya mbwa wa nyumbani?

Mumeo naye aache kiburi. Akiona hajui, aulize anayejua. Kuuliza hakukati mkia.

Sasa mkono. Chemsha maji, yaache yapoe mpaka yavumilike. Nawa mikono yako kwanza kwa sabuni. Kisha osha mkono wa mtoto kwa sabuni, na umimine maji juu ya matundu kwa muda mrefu, mrefu kuliko unavyodhani inatosha. Mtoto akilia, mimina. Damu ikitoka tena, ibonyeze kwa kitambaa safi mpaka ikatike. Usipake mafuta ya kondoo, majivu wala samadi. Yafunike matundu kwa kitambaa kilichochemshwa na kukaushwa juani, usikaze, na ubadilishe kila siku. Mkono ukae juu, usining'inie. Usiruhusu mtu ashone. Kidonda cha meno ya mbwa huachwa wazi.

Tazama kila siku. Ukiona uvimbe unaozidi, joto, usaha, homa, au mstari mwekundu unaopanda mkononi, mlete kwangu siku hiyohiyo.

Mbwa asiuawe. Mfungeni, mpeni chakula na maji, mtazameni siku kumi. Akibaki mzima, hana kichaa na hamna cha kuogopa. Mkimwua hamtajua.

Kaka yako,
Kaanaeli


Themi, 7 Machi 1912

Kaanaeli,

Leo sikuamkii.

Barua yako ilifika watu wakiwa wamekaa. Lomayani alinipa kigoda, akasogeza taa karibu yangu, akawaambia wenzake wa rika, "Nyamazeni, shemeji anatufundisha dawa." Hakusema kwa dhihaka. Nikaanza kusoma, nikikigeuza Kiswahili chako kuwa Kimaa kadiri nilivyokwenda. Utasema ningeruka. Nilikuwa sijaisoma kabla. Macho yangu yalifika kwenye neno pamoja na mdomo wangu. Nilipomaliza lile la Waarusha na majivuno, mtu mmoja alicheka kidogo, wengine wakatazama moto. Nilipofika kwa mshona viatu nilisimama. Lomayani akasema, "Maliza, mke wangu." Nikamaliza kuhusu ngozi ya mjukuu. Akanyoosha mkono, akachukua karatasi zote, akaziweka motoni, akatoka nje.

Sijui uliandika nini baada ya hapo. Najua yalikuwa mengi, kwa sababu ziliungua polepole.

Baba mkwe alifika alfajiri. Alishona. Miiba minne, mwiba kwa tundu, uzi umezungushwa vizuri, kazi safi kama zake zote. Alimpakata mtoto muda wote, akimtajia ng'ombe wake mmoja mmoja kwa rangi zao ili asisikie uchungu. Juu akapaka mafuta ya kondoo. Narok alikuwa amekwisha kuuawa. Lomayani alisikia kwamba askari wa boma wakipata habari ya mbwa aliyeng'ata watakuja kupiga risasi mbwa wa kila nyumba, akaona bora afe mmoja, kwa sime yake. Watoto wa mbwa tunawapa maziwa ya mbuzi kwa kidole.

Leo mkono umevimba hadi kwenye kifundo. Ngozi inang'aa, ina joto. Harufu inatoka chini ya kitambaa. Mtoto hataki ndizi wala uji.

Ulichouliza kuhusu mama gani, hicho nilikisoma, nilikisoma kwa sauti mbele ya watu wote. Nitakujibu. Nosim hakuachwa, alitumwa. Umeniandikia tangu Januari kwamba unataka mtoto wa Narok, mweusi, dume. Mimi ndiye niliyemwambia Nosim aende atazame mtoto mweusi wa mbwa wa kumpa mjomba wake. Sikukuandikia hilo siku ile kwa sababu sikutaka uumie.

Niambie ulimwandikia nani barua ile. Mimi nilikuuliza habari za mkono.

Tabea


Akeri, 7 Machi 1912

Tabea,

Hii usiisome mbele ya mtu. Saruni ameapa ataiweka mkononi mwako.

Miiba lazima itoke leo. Uchafu wa meno umefungiwa ndani na hauna pa kupita, ndiyo maana mkono unavimba. Subiri walale. Chemsha wembe, kata uzi, vuta miiba, uache usaha utoke, kisha uoshe kwa maji yaliyochemshwa na sabuni, umimine kwa muda mrefu, ufunike bila kukaza. Usimwombe mtu ruhusa. Ni mwanao.

Kuhusu mbwa: alikuwa akila na kunyonyesha, na aliuma mara moja akilinda watoto wake. Mbwa mwenye kichaa hafanyi hivyo. Angekuwa hai ningekuwa na hakika. Mmeninyima hakika.

Mtoto wa mbwa nilimtaka, ndiyo. Sikusema atumwe mtoto.

Niliyosema juu ya mzee yule siyarudishi. Tazama mkono uniambie nilikosea wapi. Kama mumeo alichoma dawa ya mwanawe kwa sababu ya neno moja, basi neno lilimfaa.

Bibi wa dawa, muuguzi wetu wa misheni, amekwenda Moshi, atarudi Jumapili. Nipo mimi na ufunguo wa kabati.

Kaanaeli


Themi, 8 Machi 1912

Mwalimu Kaanaeli,

Anayesema ni Lomayani wa Sironka. Anayeandika ni Saruni. Nimemwambia kila neno liende kama lilivyotoka, na mke wangu atalisoma baadaye kuhakikisha.

Jana usiku ulimfanya mke wangu mwizi ndani ya nyumba yake. Alichemsha wembe, akakaa na mtoto, akashindwa. Mtoto anatetemeka, na mtu mmoja hawezi kumshika na kukata. Akaniamsha akanisomea barua yako. Kwa hiyo nimesikia pia kwamba neno lilinifaa.

Sasa sikia yangu. Nina mshono kutoka kwapani mpaka kiunoni, wa siku tulizopigana na Wadachi. Aliyenishona alikuwa baba yangu. Mdogo wangu alikuwa amelala pembeni amekwisha kufa, na baba hakugeuka kumtazama mpaka alipomaliza uzi wangu. Nimezaa watoto baada ya hapo. Huyo ndiye mshona viatu wako.

Unasema siku ya harusi nilikuweka na akina mama. Ni kweli. Kwa nini hukumaliza hadithi? Wazee wangu walisimama kumbariki dada yako, na wewe ukasimama mbele yao, na kitabu kwapani, ukawaambia wanawe mikono kwanza. Wazee waliokuwa wanakupa heshima ya kumpokea dada yako kama binti. Wengine walikuwa wameshika fimbo tayari. Kwa akina mama hakuna anayepigwa. Nilikuweka mahali pa salama. Aliyengojea kuombwa radhi ni mimi.

Hayo yametosha. Mtoto anachemka. Mstari mwekundu umepanda mkononi, umepita kiwiko. Amemwita Tabea mara mbili kana kwamba hayupo, akiwa amemlalia mapajani.

Nimefikiri kukata mwenyewe. Siwezi. Baba yangu yuko hapa, hajalala, anakaa na mtoto. Uzi wake anaujua kama wewe unavyojua mwandiko wako. Nikiukata kwa siri nimemwambia mbele ya watu kwamba matusi yako ni kweli. Nikimwambia aufumue kwa sababu mwalimu wa Akeri amesema, ataniuliza ni mwalimu gani, yule?

Mwandikie yeye. Si mimi, si dada yako. Itasomwa mbele ya watu walewale, na safari hii sitagusa karatasi. Kama huwezi kumwandikia mzee kama mtu, usiandike tena. Nitamzika binti yangu bila barua zako.

Lomayani


Akeri, 8 Machi 1912

Kwa mzee Sironka, nyumbani kwa mwanawe, Themi.

Baba, shikamoo.

Mimi ni Kaanaeli, kaka wa mkwe wako Tabea. Niliandika neno baya juu yako likasomwa mbele ya watu. Naliondoa mbele ya watu haohao.

Nakuandikia kwa ajili ya mkono wa mjukuu wako.

Watu uliowashona wengi walikatwa kwa chuma. Chuma hufungua ngozi sana, damu nyingi hutoka na uchafu hutoka nayo. Ukishona, unafunga nyama safi, na mtu anapona. Jino ni jembamba. Linaingia ndani kwa tundu dogo, linaacha mate na uchafu chini kabisa. Tundu likifungwa juu, uchafu unabaki na mtoto. Nimeona hivyo mara nyingi mahali ninapofanya kazi. Kazi ya mkono wako haina kasoro. Kidonda chenyewe si cha kushonwa.

Nakuomba ufumue mshono huo wewe mwenyewe. Sitaki mtu mwingine aguse, kwa sababu wewe peke yako unajua kila mwiba umepita wapi na umeshika nini.

Kabla ya kugusa, nakuomba unawe kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Nilipolisema jambo hili siku ya harusi nililisema kama mtu asiyefundishwa kwao. Bado nakuomba. Miiba ikitoka, usaha utafuata. Uache utoke wenyewe, usikamue. Nimempa Saruni chupa ya dawa. Tieni kifuniko kimoja katika kibuyu cha maji yaliyochemshwa, mmimine polepole mpaka kibuyu kiishe, asubuhi na jioni. Msipake mafuta. Kitambaa safi, kisikazwe. Mkono ulazwe juu ya kitu. Apewe maji ya kunywa kidogo kidogo hata akikataa.

Joto lisiposhuka kufikia kesho jua linapotua, nakuomba aletwe. Nitakuwa nimesimama barabarani. Mkitaka nije mimi, niiteni, nitakuja usiku huohuo na nitakaa mtakapoonyesha.

Mwanao,
Kaanaeli


Themi, 13 Machi 1912

Kaanaeli,

Nosim yu hai. Nimeliandika hilo kwanza kwa sababu mimi najua barua inaanzia wapi.

Nilisoma mbele ya watu walewale. Baba mkwe alisikiliza mpaka mwisho, akanitaka nirudie pale pa jino na chuma. Nikarudia. Kisha akasema, "Huyu anasema sawa. Mbona siku ya harusi alikuwa mlevi?" Nikamwambia hukuwa mlevi. Akasema, "Basi ni vibaya zaidi," akaomba maji.

Alinawa mpaka kwenye viwiko, na watu wote walitazama chini akinawa. Lomayani alimshika mtoto, mimi nikashika kibuyu. Mwiba wa kwanza ulipotoka, usaha ulifika kwenye mapaja ya baba mkwe na hakujifuta. Alitoa yote minne, akaiweka juu ya jani, akaifunga, akaifundika pindoni mwa shuka lake. Akaniambia, "Mwandikie nimefumua. Na mwandikie kwamba sijamsamehe." Nakuandikia yote mawili.

Homa ilishuka siku ya pili. Mstari ulirudi chini ukafifia. Jumapili Lomayani alimbeba mgongoni mpaka huko Akeri, akamwonyesha Bibi wa dawa. Wewe ulikuwa kanisani unaongoza nyimbo, alikusikia. Hakutaka kusubiri. Bibi alisafisha tena, akasema kidonda kitafunga chenyewe, mtoto atapona. Kisha akasema kano ya kidole gumba imeoza ndani na kidole hakitajikunja tena.

Baba mkwe hajarudi Sokon. Kila asubuhi anakaa na Nosim, anakishika kile kidole, anakikunja kwa vidole vyake, akikiachia kinarudi kusimama. Anakikunja tena. Hakuna mwenye moyo wa kumwambia yale aliyosema Bibi. Lomayani amelifukua kaburi la mbwa akalichimba upya, mbali zaidi na nyumba, sijui kwa nini.

Jana Nosim alichukua kibuyu akaenda kumkamua yule mbuzi wake mweupe. Alijaribu kwa mkono wa kulia, chuchu ikamponyoka. Akajaribu tena. Mbuzi akasogea. Alirudi na kibuyu kitupu akakiweka mahali pake, akaniambia mbuzi hana maziwa leo.

Barua yako ya tarehe nane ninayo, baba mkwe hakuruhusu ichomwe. Ananitaka nimsomee, nami nimeisoma mpaka naijua kwa moyo. Ni fupi. Haina neno gumu hata moja, Nosim mwenyewe ameielewa. Kwa hiyo ulijua kuandika hivi. Ulijua tangu tarehe nne, ukiwa na karatasi na wino na mchana mzima, na mtu wangu amesimama mlangoni pako akisubiri.

Tabea